Kura ya moyo, kura ya hesabu, na duru ya pili tuliyopokonywa

Kila uchaguzi wa rais wa Kongo (DRC) unapokaribia, mji wetu wa Bukavu, mashariki ya nchi, unarudia ugomvi uleule. Kuna wanaosema: mpe kura yule unayemwamini, hata kama hana pesa wala ndege ya kampeni, ili waliozoea kututawala wajue kwamba tumechoka nao. Wengine wanajibu: kura ya namna hiyo umeitupa mto Ruzizi, mpe mwenye nguvu za kumwangusha usiyemtaka, hata kama moyo wako hauko naye. Nimeusikia ugomvi huu nje ya kanisa baada ya misa, ndani ya teksi za Panzi, hata kwenye matanga. Watu wa nyumba moja wanaacha kusalimiana kwa sababu yake. Huyu anamwona mwenzake mtoto asiyejua siasa; yule anamwona huyu ameuza dhamiri.

Mimi nasema wote wawili wana haki, na hawakupaswa kugombana. Katiba tuliyoipigia kura ya maoni Desemba 2005 iliwapa wote nafasi. Ilitaka rais achaguliwe kwa zaidi ya nusu ya kura, na asipopatikana wa kufika hapo, wawili wa kwanza warudi mbele ya wananchi. Duru ya kwanza ulisema unachokiamini, ya pili ukapima nani ana nafuu. Januari 2011 wabunge na maseneta walikutana Kinshasa wakabadili ibara ya 71, na tarehe 20 mwezi huohuo sheria ikatangazwa. Tangu siku hiyo anayeongoza ndiye rais, hata akiwa na robo ya kura. Sisi tulioipitisha katiba kwa kura ya maoni hatukuulizwa tena.

Vijana wengi waliopiga kura ya kwanza 2018 au 2023 hawajawahi kuona duru mbili, kwa hiyo nitaeleza ilivyokuwa. Tarehe 30 Julai 2006 tulikuwa na wagombea 33. Joseph Kabila alipata asilimia 44.81, Jean-Pierre Bemba 20.03, na mzee Antoine Gizenga, aliyekuwa naibu wa Lumumba mwaka 1960, akapata 13.06. Watu wa mkoa wa Bandundu waliompa Gizenga hawakuambiwa na mtu kwamba wamepoteza kura. Walisema walichotaka kusema, wakahesabiwa, na ile asilimia 13 ikageuka kuwa uzito mezani: Gizenga alimuunga mkono Kabila kwa duru ya pili ya tarehe 29 Oktoba, Kabila akashinda kwa 58.05 dhidi ya 41.95, na mwisho wa mwaka mzee akateuliwa Waziri Mkuu. Unaweza kuupenda mpango ule au kuuchukia. Lakini mpiga kura alijua kura yake ilikwenda wapi na ilinunua nini.

Sasa tazama 2011. Wagombea 11, duru moja. Kwa watu wa Bukavu ule haukuwa uchaguzi wa mbali, kwa sababu Vital Kamerhe alikuwa kwenye karatasi. Mtoto wa nyumbani, aliyeongoza Bunge la Taifa akajiuzulu 2009 baada ya kupinga hadharani majeshi ya Rwanda kuingizwa Kivu bila Bunge kujua. Alipounda chama chake, UNC, wengi wetu tuliona kwa mara ya kwanza mtu wa hapa ambaye angeweza kusimama bila kupitia mlango wa wengine. Lakini Étienne Tshisekedi wa chama cha UDPS naye alikuwepo, na kila mtu aliyetaka mabadiliko aliambiwa: ukimpa Kamerhe, umemsaidia Kabila. Matokeo yaliyotangazwa: Kabila 48.95, Tshisekedi 32.33, Kamerhe 7.74.

Hiyo 48.95 haifiki nusu. Kwa katiba ya 2005, nchi ingerudi kwenye bilo, yaani vituo vya kupigia kura, na wale waliompa Kamerhe kwa moyo wangepata siku ya pili ya kufanya hesabu. Siku hiyo ilikuwa imefutwa miezi kumi tu kabla. Kwa hiyo hasira yote ikawaangukia wapiga kura wenyewe: nyinyi wa Kivu mmegawa upinzani. Hata leo kuna watu Kinshasa wanaotusema hivyo, na mimi sikubali kulaumiwa kwa kutumia haki ambayo sheria iliigeuza mtego.

Mwaka 2018 ikawa vilevile, tena kwa uchungu zaidi. Novemba 11 viongozi wa upinzani walikubaliana Geneva wawe na mgombea mmoja, Martin Fayulu. Kesho yake tu Félix Tshisekedi, mwana wa Étienne, na Kamerhe wakaondoa saini zao. Ceni, tume ya uchaguzi, ilimtangaza Tshisekedi mshindi kwa asilimia 38.57, Fayulu 34.83, Emmanuel Shadary 23.84. Maaskofu Wakatoliki wa CENCO, waliokuwa wamesambaza waangalizi karibu 40,000, walisema hesabu zao hazilingani na zile za Ceni. Weka ubishi huo pembeni kwa dakika moja, uchukue namba rasmi kama zilivyo: zaidi ya Wakongomani sita katika kumi waliopiga kura walimpa mtu mwingine. Duru ya pili ingewauliza swali lililo wazi kati ya wawili. Haikuwepo.

Waliofuta duru ya pili walikuwa na sababu, na si haki kuzificha. Walisema ni ghali, na nchi kubwa kama hii isiyo na barabara haiwezi kusafirisha masanduku ya kura mara mbili. Walisema pia ni hatari. Hilo la pili nalielewa. Agosti 2006, matokeo ya duru ya kwanza yalipotoka, walinzi wa Kabila na wa Bemba walipigana kwa siku tatu katikati ya Kinshasa. Na Oktoba ilipofika, nchi ilikuwa imekatika vipande viwili, mashariki kwa Kabila, magharibi kwa Bemba, na Mkongomani wa upande mmoja akamtazama wa upande wa pili kama mgeni. Aliyeishi miezi ile hawezi kusema duru mbili ni mchezo.

Lakini duru moja haikutuletea amani ya uchaguzi. Ilituletea marais ambao nusu ya nchi au zaidi inaweza kusema kila asubuhi kwamba haikuwachagua. Watu wa Lubumbashi wanaovuka mpaka wa Kasumbalesa wameona majirani wakipita njia hiyohiyo na kurudi. Zambia mwaka 2001 Levy Mwanawasa alikuwa rais kwa asilimia 29, mpinzani wake wa karibu akiwa na 27, kwa sababu wengine waligawana zilizobaki. Mwaka 2015 Edgar Lungu alimshinda Hakainde Hichilema kwa kura zisizofika 28,000, wote wawili wakiwa chini ya nusu. Januari 2016 Wazambia wakabadili katiba: lazima kuvuka nusu, la sivyo mnarudi. Miaka mitano baadaye Hichilema alishinda kwa asilimia 59, na Lungu akakabidhi madaraka. Sisemi sheria ile moja ndiyo iliyoleta yote hayo. Nasema tu kwamba pale hapakubaki mtu wa kuuliza rais amechaguliwa na nani.

Nirudi nyumbani, Desemba 2023, kwa sababu hapo ndipo nilipoona kwa karibu jinsi duru moja inavyomfanyia mtu wa kawaida.

Dokta Denis Mukwege alikuwa amejitokeza kugombea. Hapa kwetu hahitaji kuelezwa. Hospitali ya Panzi aliyoianzisha iko pale, na hakuna kartye ya Bukavu isiyo na mwanamke aliyetibiwa hapo. Alipopewa tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, watu walitoka barabarani kuimba. Ungetegemea mji mzima umpe kura kwa macho yaliyofungwa.

Mama yangu mkubwa anauza sambaza Kadutu. Jioni moja, wiki chache kabla ya kura, alikuwa amekaa mlangoni akichambua samaki waliobaki, wakubwa beseni moja, waliovunjika beseni lingine, na mwanae akamuuliza atampa nani. Hakuinua hata kichwa.

«Docta ni mutu ya Mungu,» akasema. «Lakini hata tumupe kura zote za Kadutu, Kinshasa haitaskia. Mi nitampa mwenye kushinda. Pengine barabara ya Ngomo itatengenezwa.»

«Sasa mama, kama kila mutu anasema hivyo, mutu muzuri atashinda siku gani?»

Alimtazama kijana wake kwa muda, kisha akarudia samaki zake. Hakumgombeza. Sidhani alikuwa na jibu, na mimi niliyekuwa nimekaa pale sikuwa nalo pia.

Mukwege alitoka na chini ya asilimia 1 ya kura za nchi nzima. Matokeo rasmi yalimpa Félix Tshisekedi zaidi ya asilimia 73, Moïse Katumbi 18. Nimeyafikiria maneno ya mama mkubwa mara nyingi tangu hapo. Hesabu yake haikuwa ile inayoelezwa kwenye redio, ya kuunganisha nguvu ili kumwangusha fulani. Ilikuwa ya kukaa karibu na sufuria: akishinda mtu fulani na sisi tulikuwa naye, labda kijiko kitatufikia. Sehemu kubwa ya kinachoitwa kura ya hesabu huku kwetu ni hiyo. Na haitokani na ujinga. Inatokana na miaka mingi ya kuona kwamba mkoa uliokuwa upande usiofaa unasahauliwa.

Tena hesabu yenyewe aliifanya gizani. Ili mtu aache anayempenda akamchague mwenye nafasi, lazima kwanza ajue nani ana nafasi. Sisi tunapima kwa nini? Kwa umati uliojaa Place de l'Indépendance, ambao nusu yake ulikuja kuona wanamuziki. Kwa fulana na vitenge vilivyogawiwa. Kwa sauti za WhatsApp kutoka kwa mtu anayejua mtu aliyeko Kinshasa. Na wagombea wenyewe, ambao wangeweza kutupunguzia mzigo, walituma wajumbe Pretoria mwezi wa Novemba kutafuta mgombea mmoja, wakarudi bila kukubaliana wote. Baadhi walijitoa wakamwachia Katumbi. Fayulu na Mukwege wakaendelea kila mmoja na njia yake. Hesabu ambayo wanasiasa wenye washauri na data walishindwa kuifanya, aliachiwa muuza sambaza aifanye peke yake nyuma ya kadibodi, mbele ya mashini ya kupigia kura.

Ukiangalia namba za mwisho unaona jambo lingine. Kama matokeo yale ndiyo, hata upinzani wote kwa pamoja usingefika popote, na kijana aliyempa dokta hakumharibia mtu yeyote chochote. Kura ya moyo inagharimu pale tu wawili wa kwanza wanapokaribiana. Mwaka kama 2018 inaweza kuwa na bei kubwa. Mwaka kama 2023 haina bei kabisa. Lakini mwaka ni wa namna gani, mpiga kura wa duru moja anaujua baada ya matokeo kutangazwa. Kwa hiyo anaogopa kila mara, na anaukana moyo wake hata mahali ambapo hakuna haja.

Kuna na wale wanaochagua njia ya tatu, ya kuharibu karatasi. Mwaka 2011, kabla ya mashini, nilikuwa shahidi wa chama kwenye bilo moja ya shule, komini ya Kadutu. Tulihesabu usiku, kwa tochi za simu na taa moja ya mafuta. Rais wa bilo anafunua karatasi, anaigeuza ili mashahidi wote waone, anataja jina, na mwenzake anachora mstari ubaoni, vijiti vinne na cha tano kikivikata. Ikafika karatasi ambayo mtu alikuwa ameandika juu ya picha zote za wagombea, kwa bik, herufi kubwa: TUNATAKA MAJI. Mwandiko mzuri, wa mtu aliyesoma. Rais wa bilo aliishika kidogo, akasema «nul», yaani imeharibika, akaiweka kwenye fungu lake. Tulikuwa watu wachache ndani ya darasa lile, na ni sisi tu tuliosoma ujumbe ule. Kwenye pe-ve, ile ripoti ya matokeo ya bilo, kulikuwa na kisanduku cha kura zilizoharibika na namba ndani yake, basi. Aliyekosea kukunja karatasi na aliyelilia maji waliingia kisanduku kimoja. Wala kwenye hesabu ya ushindi hawamo, kwa sababu asilimia zinapigwa juu ya kura halali peke yake.

Nilimheshimu yule mtu na bado namheshimu. Lakini kama una hasira ya kutosha kupanga mstari tangu alfajiri, basi iweke mahali ambapo itasomwa Kinshasa: mpe mgombea aliyesema jambo lako, hata awe wa mwisho, kwa sababu jina lake na kura zake vitatangazwa. Kukaa nyumbani ni vibaya zaidi. UDPS ilisusia uchaguzi wa 2006, na matokeo yake chama kikubwa cha upinzani kilikaa miaka mitano nje ya Bunge. Mwaka 2011 ibara ya 71 ilipobadilishwa, hakikuwa na kiti hata kimoja cha kusimamia.

Kama kuna kura ya kupinga iliyonifundisha kitu, ni ya Beni. Desemba 2018 Ceni iliahirisha uchaguzi wa Beni, Butembo na Yumbi hadi Machi 2019, na kwa Beni na Butembo ilitaja Ebola na usalama. Maana yake rais angeapishwa bila wao. Tarehe 30 Desemba watu wa Beni walitoka. Walitengeneza masanduku yao, karatasi zao, wakapanga mistari, wakanawa mikono kwanza ili isisemwe kwamba Ebola ndiyo sababu, wakapiga kura ambayo walijua haitaingia popote. Ilipigwa hadharani, watu wakahesabu wenyewe, na nchi nzima ikaona.

Sitaki mtu adhani duru mbili zinatibu kila kitu. Wafaransa walipata somo lao tarehe 21 Aprili 2002. Walikuwa na wagombea 16, na wengi wa mrengo wa kushoto waliona Lionel Jospin ana uhakika wa kufika duru ya pili, wakampa kura yao ya moyo mwingine. Jospin akapata asilimia 16.18, Jean-Marie Le Pen 16.86. Waliokuwa wametoa ujumbe wakajikuta wiki mbili baadaye wanapanga mstari kumchagua Jacques Chirac, ambaye hawakumtaka, ili kumzuia Le Pen. Hata duru ya kwanza inahitaji macho. Lakini walipata siku ya kurekebisha, na waliitumia: Chirac asilimia 82.

Kwa madepite, yaani wabunge wa taifa, hali ni tofauti, na hapa watu wengi bado hawajaelewa, kwa hiyo nisisitize. Kura unayompa mgombea udepite inahesabiwa kwanza kwa orodha ya chama au muungano wake. Na tangu sheria ya 2017, chama au muungano usiofikisha asilimia 1 ya kura za nchi nzima haushiriki kugawana viti. Jirani yako mwema aliyejenga zahanati, anayegombea kwa chama kisichojulikana nje ya Kivu ya Kusini, anaweza kuwa wa kwanza Bukavu na asiingie. Ukitaka kumpa kura ya moyo, muulize kwanza, miezi mapema, yuko kwenye muungano gani na una nguvu gani Kasai, Equateur, Kongo Central. Swali hilo linamlazimisha yeye afanye hesabu, badala ya kukuachia wewe.

Najua kuna atakayeniambia huu si wakati wa kuzungumza duru. Waasi wa M23 waliingia mji wetu Februari 2025. Masisi na Rutshuru, Kivu ya Kaskazini, hawakupiga kura Desemba 2023 kwa sababu ya vita hivihivi, na hakuna anayeweza kuniahidi kwamba 2028 hatutakuwa kama wao. Lakini ni kwa sababu hiyo naandika sasa. Tangu Rais Tshisekedi aliposema Kisangani, Oktoba 2024, kwamba katiba inahitaji kupitiwa upya, wanaotaka kuigusa wanaongea juu ya mihula na madaraka ya rais. Ibara ya 220 imefunga idadi na urefu wa mihula. Hiyo haipaswi kuguswa na mtu. Ibara ya 71 haimo kati ya zilizofungwa. Ilibadilishwa mara moja, inaweza kurudishwa.

Na njia iko wazi hata kwa asiye depite. Ibara ya 218 inaruhusu raia 100,000 kupeleka ombi la kubadili katiba kwenye Bunge la Taifa au Seneti, kwa saini zao. Ombi hilo linaweza kutaja ibara moja tu na kunyamaza juu ya nyingine zote. Parokia zetu, vyama vya akina mama wa soko, vijana wa vyuo, Wakongo walio Kasai na Katanga waliochoka kuambiwa wamegawa kura, wote wana sababu ya kuitia saini, awe ni mtu wa moyo au wa hesabu. Depite yeyote wa Bukavu anayesoma hapa, popote alipo kwa sasa, namuomba aseme hadharani kama ombi hilo likifika mezani atalipigia kura.